Bahari ya mlimani Kanada na tope la Matema

Kuna ubishi mmoja haufi hapa Mbeya. Nimeusikia kijiweni Mwanjelwa, nimeusikia kwenye kosta ya Tukuyu, hata nje ya kanisa baada ya ibada nimeusikia, kwamba zamani bahari ilifika hapa kwetu na ushahidi ni mawe. Mtu anakuonesha jiwe lina mistari mistari anakwambia unaona haya mawimbi, hii ilikuwa bahari. Mwingine analeta chokaa ya Songwe, manake shuleni tulifundishwa chokaa inatokana na magamba ya viumbe wa baharini, kwa hiyo palipo na chokaa palikuwa na bahari, kesi imefungwa.

Sasa kiukweli Mbeya ni sehemu mbaya sana ya kubishania hilo. Mawe yenye mistari ya safu ya Mbeya, pale Loleza na kuendelea, ni mawe yaliyopikwa. Yalizikwa chini sana huko ardhini, yakakandamizwa na kuchemshwa mpaka yakabadilika sura kabisa, na umri wake unakaribia miaka bilioni 2. Kipindi hicho duniani hakukuwa na mnyama hata mmoja, si samaki, si konokono, si mnyoo, ni vijidudu tu vya kutazama kwa hadubini. Chokaa ya Songwe nayo haina habari na bahari, imewekwa na maji ya moto ya chemchemi yaliyokuwa yanabubujika yakiacha madini yake kidogo kidogo. Na kilima cha Panda, hapo hapo jirani, ndo kituko zaidi, kile ni chokaa iliyotoka chini ikiwa magma, yaani volkano ya chokaa. Kwa hiyo tuna chokaa za aina mbili na hakuna hata moja iliyowahi kuonja chumvi ya bahari. Ukienda upande wa Rungwe na Kiejo ni volkano za juzi tu kijiolojia, Kiejo imemwaga lava miaka kama 200 iliyopita, hapo usitegemee hata ganda la konokono.

Hata reli ya TAZARA ilivyopasua milima kati ya Mlimba na Makambako, mahandaki kibao, kama kuna mfanyakazi alikuwa anachungulia kila ukuta akitafuta mabaki ya kiumbe alijichosha bure, ni mawe yale yale ya kupikwa.

Nasema haya sio kumvunja mtu moyo. Nasema manake kuna mlima ambao kweli una bahari ndani yake, na mimi nimeshakula mabando mengi sana ya intaneti kuusoma, na kadri ninavyousoma naona kuna sehemu moja huku kwetu inafanana nao, ila sio mlima na wala sio jiwe. Ntafika huko.

Mlima wenyewe uko Kanada, mkoa wa British Columbia, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yoho, juu ya kamji kanaitwa Field. Machimbo yapo kwenye kigongo kinachounganisha milima miwili, Wapta na Field, kwenye kimo cha kama mita 2,300, yaani juu kuliko Mbeya mjini ila chini kidogo ya Kitulo. Mwamba wenyewe unaitwa Burgess Shale. Ni tope lililoganda likawa jiwe jeusi la kupasuka vipande vyembamba, ukiligonga vizuri kwa nyundo linafunguka bapa bapa, na kwenye hizo bapa ndo wamelala viumbe wa baharini wa miaka milioni 508 iliyopita.

Milioni 508, hebu tulia hapo kidogo. Dinosaria wa Tendaguru kule Lindi tunaojivunia wana miaka kama milioni 150. Kwa hiyo kutoka hao viumbe wa Burgess mpaka dinosaria wa Lindi ni muda mrefu zaidi ya mara mbili kuliko kutoka dinosaria wa Lindi mpaka leo. Nchi kavu kipindi hicho ilikuwa mawe matupu, hakuna msitu, hakuna majani, hakuna mdudu anayeruka. Maisha yote ya kueleweka yalikuwa majini. Na hiyo sehemu ambayo leo ina theluji na dubu ilikuwa karibu na ikweta, maji ya vuguvugu kabisa, manake mabara yanatembea na hilo bara lao lilikuwa limelala katikati ya dunia.

Kinachofanya Burgess iwe Burgess sio umri lakini. Mawe ya umri ule yapo sehemu nyingi tu duniani, na mengi yana visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, vya trilobiti, wale wadudu wa bahari wenye gamba gumu la mgongoni lililogawanyika mistari. Gamba ni rahisi kubaki. Shida ni nyama. Mnyama asiye na gamba wala mfupa akifa anaoza ndani ya siku chache, au analiwa, au minyoo wanamchambua, na baada ya wiki huwezi kujua kama aliwahi kuwepo. Kwa hiyo karibu kila tunachokijua kuhusu bahari za kale tunakijua kwa wenye magamba tu, wale laini laini walipita wakaenda zao bila kuandikwa. Burgess iliwaandika. Macho, matumbo, miguu, manyoya ya kupumulia, hadi chakula cha mwisho tumboni.

Ilikuwaje? Kulikuwa na ukuta mkubwa chini ya bahari, jabali la mwamba chokaa lenye kimo cha zaidi ya mita mia, wataalamu wanaliita Cathedral kutokana na mlima wenye mwamba huo huo. Chini ya huo ukuta kulikuwa na sakafu ya tope. Mara kwa mara tope laini sana liliporomoka likashuka na maji kwa kasi likiwasomba viumbe waliokuwa wanaishi hapo karibu, likawafukia wakiwa wazima au wametoka kufa sasa hivi. Ndo maana wanakutwa wamelala kila namna, mwingine ubavu, mwingine kichwa chini miguu juu, mwingine amejikunja. Ndani ya hilo tope oksijeni hakuna, wachimbaji wadogo wadogo wa kuvuruga tope hakuna, na chembe za udongo wa mfinyanzi zikaubana mwili kabla bakteria hawajamaliza kazi. Kilichobaki ni utando mwembamba mno wa kaboni juu ya jiwe, ambao ukiulowesha maji au ukiumulika kwa mwanga wa pembeni unang'aa kama fedha. Baadae tope likazikwa kilomita kadhaa chini, likapashwa joto, halafu milima ya Rocky ikainuka ikalipandisha juu. Na hapa kuna jambo nalipenda sana, ule ukuta wa chokaa ulikuwa mgumu kiasi kwamba wakati nguvu za kuinua milima zinakunja kila kitu, wenyewe ukakinga tope lililokuwa limeegemea chini yake, likakandamizwa kidogo tu kulinganisha na majirani. Ukuta ule ule uliokuwa unawamwagia tope ndo ukaja kuwalinda.

Aliyepagundua ni Mmarekani, Charles Walcott, mwisho wa Agosti 1909. Huyu mzee sio mtu wa kawaida, hana digrii aliyosomea, hata sekondari hakuimaliza vizuri, lakini mwaka huo alikuwa ndo bosi wa Smithsonian, ile taasisi kubwa ya makumbusho Washington. Kuna hadithi maarufu kwamba farasi wa mkewe aliteleza kwenye jiwe, mzee akashuka kuliondoa, akaligonga, akaona maajabu. Tamu sana ila shajara yake ya siku zile haina hicho kisa, ina michoro tu ya viumbe aliokuwa anawaokota. Hata kabla yake wajenzi wa reli miaka ya 1880 walishakuwa wanaokota "wadudu wa mawe" mlima wa pili yake, Mount Stephen, na mwaka 1886 mjiolojia wa serikali ya Kanada, Richard McConnell, alienda kuwachukua. Kwa hiyo Walcott hakudondokea bahati tu, alikuwa anajua anazunguka wapi.

Akarudi 1910 na familia, mke na watoto wakawa wanagonga mawe naye, mtoto wake Sidney akapata kiumbe kikubwa kidogo kikapewa jina Sidneyia kwa heshima yake. Walikuwa wanalipua mwamba, wanateremsha mawe kambini kwa farasi, wanapasua. Mpaka 1924 alishakusanya zaidi ya vipande 65,000, vyote vikapelekwa Washington vikaingia kwenye madroo.

Sasa nije kwenye viumbe wenyewe manake hapa ndo mimi nilinasa.

Wa kawaida kabisa pale anaitwa Marrella, kadudu ka sentimita 2 hivi, kana jozi mbili za pembe ndefu zimerudi nyuma na miguu midogo midogo kibao yenye manyoya. Wamekusanywa zaidi ya 25,000. Kuna Ottoia, mnyoo mnene wa kwenye tope, ana mdomo wa kuchomoa nje uliojaa miiba, na tumboni mwake wamekutwa viumbe vidogo vyenye ganda la umbo la pembe amevimeza vizima. Yaani unasoma menyu ya mtu aliyekufa miaka milioni 508 iliyopita, hilo tu mimi linanitosha siku nzima.

Halafu kuna Opabinia. Macho matano. Sio mawili, sio manne, matano, yamekaa juu ya kichwa, na mbele ana mkonga wa kukunjika wenye kibano mwishoni, na mwili mzima hauzidi kidole. Mwaka 1972 profesa Harry Whittington wa Cambridge alivyoonesha mchoro wake mkutanoni Oxford wanasayansi wenzake walicheka kwa sauti. Mimi nawaelewa. Ila alikuwa sahihi, mkonga upo, macho matano yapo.

Anomalocaris ndo mwenye kesi ndefu. Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alipata kitu kinachofanana na kamba wa baharini asiye na kichwa, akakipa hilo jina. Baadae Walcott akapata kitu cha duara chenye tundu katikati akasema huyu ni kiwavi wa baharini, yule laini wa kuelea, akampa jina Peytoia. Akapata na mwili bapa uliopondeka akasema ni jongoo bahari, jina lake Laggania. Wanyama watatu, majina matatu, madroo matatu. Kumbe ni vipande vya wanyama wa ukoo mmoja! Yule "kamba" ni mkono wa kunyakulia, lile duara ni mdomo wenye sahani za meno, na ule mwili ndo mwili. Ni sawa na mtu aokote usukani wa bodaboda Uyole, tairi Mwanjelwa, na tanki Mafiati, halafu aandike Mbeya kuna vyombo vitatu vya usafiri na kila kimoja ni cha ajabu. Whittington na mwanafunzi wake Derek Briggs walikuja kuunganisha mnyama mwaka 1985, karibu karne nzima baada ya kipande cha kwanza kupewa jina, na baada ya hapo tena ikaonekana kuna aina zaidi ya moja za ukoo huo zilikuwa zimechanganywa, ikabidi watenganishe. Mnyama mwenyewe alikuwa na urefu wa karibu nusu mita, ambao kwa bahari ile ni jitu. Muda mrefu walisema alikuwa anawavunja trilobiti kwa ile mikono, ila utafiti wa 2023 ukapima nguvu ya mikono ukaona ni dhaifu kwa kazi hiyo, yaelekea alikuwa anawakimbiza wale laini wanaoogelea.

Na Hallucigenia sasa, huyo jina lenyewe limetokana na njozi za mtu aliyechanganyikiwa. Ni kanyoo kembamba, upande mmoja kana miiba mirefu jozi jozi, upande wa pili kana vitu laini vinavyoning'inia. Mwaka 1977 Simon Conway Morris, mwanafunzi mwingine wa Whittington, akakachora kanatembea juu ya miiba kama vijiti na vile vitu laini viko mgongoni. Mwaka 1991 wakatokea Lars Ramsköld na Hou Xianguang, huyu Hou ndo aliyegundua machimbo ya Chengjiang kule Uchina mwaka 1984 yenye viumbe wa aina hiyo wa zamani zaidi, miaka kama milioni 518, wakasema jamani geuzeni, ile miiba ni ya mgongoni ya kujilinda na vile laini ndo miguu. Kakageuzwa. Bado kichwa kikawa hakijulikani ni upande gani, kulikuwa na doa kubwa jeusi upande mmoja watu wakaamini ni kichwa, mpaka 2015 Martin Smith na Jean-Bernard Caron walipoingiza kipande kwenye hadubini ya elektroni wakaona upande wa PILI ndo wenye macho mawili madogo na meno, na lile doa ni uchafu uliobinuka kutoka tumboni wakati mwili unaminywa na tope. Yaani kwa miaka yote hiyo walikuwa wanakasalimia kinyesini, samahani kwa lugha.

Kuna watu wanasoma hivi visa wanasema basi wanasayansi wanabahatisha tu. Mimi naona tofauti. Jiwe halikubadilika, kipande ni kile kile, ila kila aliyerudi kulifungua droo akiwa na chombo kizuri zaidi na akili isiyo na haraka aliona kitu kipya. Hata Pikaia, kale kasamaki-mnyoo ambako vitabu vingi vinakataja kwamba kanahusiana na ukoo wetu wenye uti wa mgongo, mwaka 2024 umetoka utafiti unasema kamekuwa kakichorwa mgongo chini tumbo juu miaka yote. Walcott mimi simlaumu sana, alikuwa anaendesha taasisi kubwa, mikutano ya Washington haiishi, visukuku anavigusa akipata upenyo. Ninachomlaumu ni kwamba kila kiumbe alikilazimisha kiingie kwenye kundi ambalo tayari lipo, huyu weka kwa kamba, huyu weka kwa minyoo, huyu jongoo bahari, utadhani bahari ile iliwajibika kufuata orodha yake.

Haya, turudi nyumbani.

Mawe ya tope yaliyoganda tunayo kusini huku, sio kwamba hatuna. Kule kwenye makaa ya mawe ya Kiwira, na kule Mchuchuma Ludewa, katikati ya matabaka ya makaa kuna mawe ya kijivu na meusi ya kupasuka bapa bapa, na bonde la Ruhuhu kati ya Ludewa na Songea ni maarufu dunia nzima kwa wanaosoma viumbe wa kale. Huko ndo ametoka Nyasasaurus, mifupa iliyochukuliwa miaka ya 1930 na Francis Parrington wa Cambridge, ikaja kutangazwa rasmi ndani ya mwaka 2012 kwamba inaweza kuwa ya dinosaria wa zamani kuliko wote au ndugu yao wa karibu kabisa, miaka kama milioni 243. Na huyu pia alikaa kwenye droo miaka 80, naona ni ugonjwa wa madroo kila sehemu. Ila mawe ya Ruhuhu na Kiwira ni ya mito, mabwawa na maziwa, sio bahari. Na yanatunza mifupa na majani, wale laini hakuna.

Kwa hiyo nikasema kama nataka kuelewa Burgess ilivyokuwa kabla haijawa jiwe niache kuangalia mawe, niangalie sehemu ambayo tope linashuka sasa hivi. Na hiyo iko Kyela.

Ukifika Matema, simama ufukweni mwa Ziwa Nyasa utazame kushoto kule safu ya Livingstone inavyoingia ziwani. Haiteremki taratibu, inazama. Ule mlima unaouona juu unaendelea hivyo hivyo chini ya maji, manake ndo ukuta wa bonde la ufa lenyewe, upande wa mashariki wa ziwa umekatika na sakafu imedidimia. Ni ukuta mkali na chini yake kuna kina kirefu na sakafu ya tope. Mito inaleta tope kila masika, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Songwe, na mengine yanaporomoka moja kwa moja kutoka mlimani na kushuka na mteremko wa chini ya maji hadi vilindini. Wakisi wa Ikombe wanaofinyanga vile vyungu vinavyouzwa Lyulilo wanajua udongo wa huku ulivyo mlaini, haushikwi mkononi una mchanga.

Lakini kitu kikubwa zaidi ni maji yenyewe. Ziwa Nyasa lina kina cha mita kama 700 kwenye shimo lake refu, na kuanzia kama mita 200 na kitu kwenda chini hakuna oksijeni. Maji ya juu yana joto, ya chini yamepoa kidogo na ni mazito kidogo, na kwa kuwa huku kwetu hakuna baridi kali ya kuyapoza ya juu mpaka yazame yachanganyike, basi yale ya chini yamekaa huko huko miaka na miaka bila kupata hewa mpya. Sehemu kubwa ya sakafu ya ziwa, ukiondoa kingo, hakuna samaki wala konokono anayeishi hapo.

Nilikaa na mzee mmoja mvuvi pale Lyulilo, nikamsalimia shikamoo tukaongea habari za usipa, wale dagaa wa Nyasa, umepungua, nikamuuliza baba, hivi huko chini kabisa kuna nini? Akaniangalia vile wazee wanavyomwangalia mtu wa mjini. "Huko chini hamna kitu mwanangu. Samaki wote wapo hapa juu na sisi." Nikamwambia ndivyo wanavyosema hata wenye vipimo. Akasema, "Sasa walikuwa wanapima nini?"

Yuko sahihi, ila na vipimo vina raha yake. Manake sakafu isiyo na kiumbe ni sakafu isiyovurugwa. Huku juu tope linafukuliwa na minyoo na konokono na samaki wanaochimba viota, linachanganyika, ya mwaka juzi na ya mwaka jana yanakuwa kitu kimoja. Kule chini linalala tabaka juu ya tabaka bila mtu kuligusa. Wakati wa mvua mito inaleta udongo, linatua tabaka la giza. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unavuma sana, unakoroga maji ya juu, virutubisho vinapanda, vijimea vidogo vyenye ganda la kioo vinaitwa diatomu vinazaliana kwa mabilioni vinakufa vinazama, linatua tabaka jeupe. Giza, jeupe, giza, jeupe, mwaka kwa mwaka, wembamba wa milimita. Hata wale wadudu wanaoinuka ziwani mawingu kwa mawingu mpaka ukifungua mdomo unawala, mabuu wao mchana wanashuka kujificha kule mpakani mwa maji yasiyo na hewa wasiliwe na samaki, usiku wanapanda, wanajua kabisa chini zaidi ya hapo sio kwa kukaa.

Ukuta mkali, tope laini linaloporomoka, sakafu isiyo na hewa, hakuna wa kuvuruga. Karibu masharti yote ya Burgess hayo hapo, na nauli ni ya kosta tu.

Nimesema karibu. Sitaki mtu aseme nimemwambia Matema inatengeneza Opabinia. Kwanza ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, sio bahari. Pili, kukosa hewa peke yake hakutoshi kutunza nyama, kuna bakteria wanaoozesha bila oksijeni na wanafanya kazi vizuri tu, taratibu. Bahari za kipindi kile zilikuwa na kemia tofauti na za leo, iliyosaidia tope kuziba haraka likabana mwili kabla hao bakteria hawajapata vifaa vyao vya kazi, na ndo maana utunzaji wa namna ya Burgess unaonekana sana mawe ya Kambria, yaani kipindi kile cha viumbe wa Burgess, halafu baada ya hapo unakuwa adimu mno. Sababu nyingine ni kwamba minyoo walijifunza kuchimba kwenda chini zaidi, na walivyoanza hivyo sakafu nyingi za bahari hazikutulia tena. Nyasa kule chini minyoo hamna, hilo limepona, ila kemia ndo hiyo. Kwa hiyo tope la Nyasa litatunza mifupa na magamba ya samaki, diatomu, chavua ya maua kutoka milimani, majivu ya Rungwe. Usipa mzima na macho yake na tumbo lake, sidhani, labda atokee mmoja mwenye bahati sana afukiwe na poromoko siku hiyo hiyo aliyokufa.

Na hata hiyo sakafu tulivu haijawahi kuwa tulivu siku zote. Mwaka 2005 watafiti walileta jukwaa la kuchimbia wakatoboa sakafu ya ziwa upande wa Malawi, wakatoa nguzo za tope kutoka kina cha hadi mita 380 chini ya sakafu, zenye historia ya zaidi ya miaka milioni moja. Wakakuta kuna sehemu mistari ya giza na nyeupe ipo safi kabisa, na kuna sehemu imepotea, tope limevurugika lina chokaa, manake kuna vipindi vya ukame mkali ziwa lilishuka mamia ya mita, kina kikawa kifupi, hewa ikafika chini, viumbe wakahamia na kuanza kuchimba. Kwa hiyo lile tupu la chini ambalo mzee wa Lyulilo analijua lina zamu zake, linakuja na kuondoka, na kila likiondoka kumbukumbu ya pale inachafuka.

Hizo nguzo za tope ziko Marekani sasa, kwenye friji za chuo kikuu cha Minnesota, na mawe ya Walcott bado yako Washington. Sina tatizo na friji, tope hilo lingekaa kwenye joto la Kyela lingekauka na kupasuka kabla ya mwezi kuisha. Ila picha moja tu, kubwa, ya ile mistari ya giza na nyeupe, ikabandikwa ufukweni Matema karibu na pale vinapouzwa vyungu, hiyo haihitaji friji. Mgeni akifika Matema anaoneshwa vyungu, anapelekwa maporomoko, anapigwa picha na mlima. Hakuna anayemwambia mguu wa huo mlima unaishia wapi.